Skonzi za Pilipili na Daftari



Nasikia watu wakisema kwamba mama anayeuza skonzi mwaloni hahitaji kusoma. Wanasema, "Anajua kukanda, anajua kuoka, anajua kupokea fedha. Herufi za nini?" Mimi nasema hapana. Nina sababu zangu, na sababu hizo nilizilipia kwa fedha yangu.

Naishi kando ya Ziwa Viktoria, wilaya ya Sengerema, mkoa wa Mwanza. Kazi yangu ni kuoka skonzi zenye pilipili. Kwa nini pilipili? Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Alfajiri hurudi mwaloni wamelowa, na upepo wa ziwa ni baridi. Mtu aliyekesha majini anataka kitu cha kumchangamsha, anywe na chai ya moto. Skonzi yangu ina utamu kidogo na ukali kidogo. Wanaipenda.

Kwa kilo 2 za unga wa ngano hutia robo kilo ya sukari, robo kilo ya samli, mayai 2, nusu lita ya maziwa, hamira, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu kiasi cha kutosha. Pilipili mbuzi 3 nazipasua. Natoa mbegu na utando mweupe wa ndani, maana ukali mwingi umo katika utando huo. Kisha nazikatakata na kuzipitisha katika samli ya moto. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Kwa hiyo samli huueneza katika unga wote. Ukitia pilipili mbichi tu, mteja mmoja hapati ukali wowote, na mwingine anatoka machozi.

Samli lazima ipoe kabla ya kukutana na hamira. Hamira ina uhai, na joto kali huiua. Tena, donge lenye samli na sukari nyingi huumuka polepole. Usiliharakishe.

Sina jiko la umeme. Naweka sufuria juu ya makaa machache, nafunika, halafu naweka makaa mengi juu ya mfuniko. Makaa ya chini yakizidi, skonzi zinaungua chini na juu bado ni mbichi.

Mambo hayo yote niliyajua kabla sijajua kusoma. Lakini sikujua kama napata faida au hasara.

Unga nilichukua dukani kwa mkopo. Mwenye duka aliandika deni katika kitabu chake. Wavuvi nao walichukua skonzi kwangu na kusema, "Mama, nitalipa kesho." Hayo niliyaweka kichwani. Mwisho wa mwezi mwenye duka alifungua kitabu akasoma deni langu. Mimi sikuwa na kitu cha kufungua. Nilimlipa yeye kila kitu, na waliokuwa na madeni yangu wengine walikuwa wamehamia mwalo mwingine. Siku moja niliuza mbuzi wa nyumbani ili kulipa deni la unga. Mume wangu aliniuliza, "Hii ni biashara gani inayokula mbuzi?" Sikuwa na jibu.

Ndipo nilipoingia darasa la watu wazima.

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka bei za kijijini kwako.

Unga kilo 2: shilingi 4,000
Sukari: shilingi 800
Samli: shilingi 1,000
Maziwa: shilingi 1,000
Mayai 2: shilingi 800
Hamira: shilingi 500
Pilipili na chumvi: shilingi 200
Mkaa: shilingi 1,200
Jumla: shilingi 9,500

Unga huo unatoa skonzi 60. Ukiuza kila moja kwa shilingi 200, unapata shilingi 12,000. Faida ni shilingi 2,500. Sasa angalia. Skonzi 10 zikiliwa nyumbani au zikikopwa bila kulipwa, umepoteza shilingi 2,000. Faida inabaki shilingi 500. Zikipotea 13, umepata hasara. Tena hatujahesabu jasho lako wala usingizi ulioukosa.

Nilipoanza kuandika kila siku, daftari lilinionyesha jambo jingine. Kila mwezi palikuwa na siku ambazo skonzi nyingi zilirudi nyumbani. Nilitazama tarehe, kisha nikatazama juu. Zilikuwa siku za mbalamwezi! Mwezi ukiwaka sana, taa haziwavuti dagaa vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Jambo hili nililiona miaka yote kwa macho, lakini sikuliunganisha na unga wangu. Siku hizi, mwezi ukiwa mkubwa naoka nusu.

Wako wanaosema, "Ngano haioti kwetu. Kwa nini tule skonzi badala ya viazi na mihogo?" Neno hilo lina ukweli. Nchi yetu hununua ngano nyingi kutoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipamba moto mwaka 2022. Bei ya ngano duniani ikapanda. Vita vya mbali viliingia katika sufuria zetu. Lakini jibu si kuacha kuoka. Chemsha viazi vitamu, viponde, uchanganye sehemu 1 ya viazi na sehemu 3 za unga. Punguza maji, kwa sababu viazi vina maji yake. Ukipata viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa ni vizuri zaidi, kwa kuwa vina vitamini A, inayosaidia macho ya watoto. Watoto hao watengee donge lao kabla hujatia pilipili.

Wengine wanasema kusoma ni kwa vijana. Wamesahau historia ya hapa kwetu. Mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO. Wazee wetu walijifunza kusoma kwa mambo ya pamba, uvuvi na kazi za nyumbani. Kusoma na kazi vilikwenda pamoja. Na sisi tufanye hivyo hivyo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: mama mwenzangu, usimwachie mwenye duka peke yake kalamu. Nunua daftari kabla ya kununua hamira. Andika ulichonunua, ulichouza, na anayedaiwa. Mwaka huu nimenunua mbuzi wawili, na bei yao imeandikwa humo.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Katika kijiji chako, ni siku zipi biashara hupungua? Kwa nini?
2. Je, ni vizuri kuuza kwa mkopo? Ukikopesha, utaandika nini?
3. Fanya hesabu ya skonzi 60 kwa bei za kwenu. Faida ni kiasi gani?