Mtoto wa Kifafa Ataka Utaratibu

Katika nchi yetu ya Tlawi na Mbulu yote, mwenye ng'ombe hana haja ya kuulizwa mara mbili. Ajua yupi aliyezaa wakati wa mvua, yupi mwenye mimba, na yupi aliyewekwa kwa rafiki ng'ambo ya kilima. Walakini mwulize mtu huyo huyo habari za mtoto wake mwenye kifafa: Alianguka lini mara ya mwisho? Dawa yake imebaki ya siku ngapi? Atajibu, "Mama yake ajua." Jibu hilo twalipinga.

Wako wasemao, "Ugonjwa huu ni wa pepo, daftari na saa vitafaa nini?" Nao huishika Injili ya Marko, mlango wa 9, iwe ngao yao. Basi na waisome vema. Yule baba alipoulizwa mwanawe amepatwa tangu lini, hakusema kwamba mama yake ajua. Alijibu mara moja kwamba ni tangu utoto, akaeleza jinsi mtoto alivyoanguka motoni na majini. Alikuwa na habari kamili za mwanawe. Je, sisi tunazo?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Asili zake ni nyingi: taabu wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika nchi hii ya Mbulu, wataalamu waliwapiga wagonjwa wa kifafa picha za ubongo, na baadhi yao wakaonekana wana vifuko vya tegu wa nguruwe. Basi nyumba isiyo na choo na nguruwe wanaozurura ndivyo vya kushitakiwa, si jirani anayenong'onwa kuwa mchawi.

Wengine husema, "Twampenda mtoto wetu, yatosha." Haitoshi. Dawa za kifafa, kama fenobabitoni, zafaa zikimezwa kila siku, kwa saa zile zile. Mzazi aziachaye ghafula, kwa kuwa mtoto amekaa miezi miwili bila kuanguka, aweza kumletea degedege lisilokoma, hata kufa. Na yule angojaye dawa iishe ndipo aanze safari, kisha mvua ikaharibu njia, naye amemwachisha mtoto dawa ghafula, ingawa hakukusudia.

Tena utaratibu si mali ya matajiri. Daftari moja la shule latosha. Andikeni siku aliyoanguka, saa, na muda aliokaa. Daktari akisoma atajua kama dawa iongezwe au ibadilishwe. Hesabuni vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya juma mbili, safari ipangwe. Mafiga yazungushiwe kizuizi, wala mtoto asitumwe mtoni peke yake. Kila mtu nyumbani, hata bibi na ndugu zake wadogo, ajue la kufanya anapoanguka: kumlaza kwa ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu naye, na kutomtia kitu cho chote kinywani. Degedege likipita dakika 5, apelekwe hospitali upesi. Mwalimu wake naye apewe habari, wala mtoto asifichwe nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu.

Mtasema kwamba kazi hii ni nzito. Kweli, ni nzito kwa mama mmoja aliyekwisha kuachiwa shamba, kuni na maji. Kwa hiyo igawanywe: mama ampe dawa asubuhi, bibi jioni, kaka amwangalie njiani kwenda shule, na baba ashike daftari na kupanga safari. Mtu akumbukaye ng'ombe 20 kwa rangi zao hashindwi kukumbuka vidonge vya mtoto mmoja.