Shujaa Wangu ni Nyanya

Vijana wengi hapa Goma wakitaja mashujaa hutaja watu wa bunduki. Mimi sikubaliani nao. Shujaa wangu ni marehemu nyanya, mama yake baba, aliyeuza maharagwe sokoni. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa mawe ya moto ukaizika nyumba yake pamoja na maduka mengi ya mjini. Mawe yalipopoa, alijenga nyumba ya mbao juu yake, akaanza tena biashara kwa kopo moja la maharagwe. Kwa hayo alisomesha watoto sita. Mlima ulipotoa moto tena Mei 2021, alituambia, "Tukibaki hai, tutajenga." Basi, wenzangu, kabla ya kuwasifu wanaobomoa, tuwaheshimu waliotujengea.