Mashine za betri: faida iko kwenye betri za akiba

Chenso na mashine za kukata nyasi zinazotumia betri za lithiamu sasa zinashindana na zile za petroli. Hazichanganyiwi oili, wala hazina plagi na kabureta za kusafisha.

Hata hivyo, betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Mwagizaji asiyeleta betri za akiba atakwama na mzigo dukani.

Kuzifuata baadaye si rahisi. Betri hizo ni mizigo hatari, daraja la 9, na tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kusafirishwa zenyewe kama mzigo katika ndege za abiria. Ni afadhali ziagizwe pamoja na mashine, kwa meli.

Kwa wateja wa msituni, mbali na umeme, petroli bado inaongoza.