Asilimia 18 haina kazi ndani ya msimbo

Tangu Sheria ya Fedha ya 2025 ilete VAT ya asilimia 16 badala ya 18 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kupitia benki au kielektroniki, mafundi wa programu wamepata kisingizio: Serikali imebadilisha, mteja alipe upya. Duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mpanda limekubali kulipa. Limekosea. Huo ni uzembe wa fundi uliokatiwa ankara.

Watasema mteja alitaka mfumo haraka, kwa bei ya kutupa, na asilimia 18 imekaa tangu 2009. Sawa. Lakini mkoa wetu wenyewe wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishuka kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Fundi wa huku anashangaa nini sheria ikibadilika?

Tatizo ni pale alipoiandika ile namba. Kiwango cha kodi ni taarifa. Mahali pake ni kwenye jedwali, pamoja na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na masharti yake. Yeye kaitawanya ndani ya msimbo: huku 0.18, kule 18/118 ya kutoa kodi kwenye bei iliyokwisha kujumuishwa. Leo anatafuta 0.18, anabadilisha, ile ya pili inampita. Mauzo ya shilingi 116,000 yaliyolipwa kwa simu yanaonyesha kodi ya 17,695 badala ya 16,000.

Hata akizipata zote, kaharibu upya. Kwa anayelipa taslimu bado ni 18. Na mnunuzi akirudisha mabati aliyonunua kabla ya mabadiliko, hati ya marejesho inatakiwa ifuate kiwango cha siku ya mauzo, si cha leo. Kufuta 18 na kuandika 16 ni kughushi vitabu vya jana, tena bila mwenye duka kujua. Halafu kazi yote kaifanyia ndani ya mafaili ya mtengenezaji wa mfumo badala ya moduli ya pembeni, kwa hiyo toleo jipya likiwekwa, linaifuta. Na ankara nyingine inakuja!

Mwenye duka asimalizie malipo kabla ya jaribio moja: fundi aweke kiwango cha kubuni kinachoanza mwezi ujao, bila kugusa msimbo, kisha achape upya risiti ya mwaka jana. Kodi yake ikibadilika hata kwa shilingi moja, fundi abaki anadai.