Ajali Ina Kinga

Msibani kwetu Kagera kuna sentensi isiyokosekana: kazi ya Mungu haina makosa. Mzee wa ukoo huitamka mbele ya jeneza, waombolezaji huitikia kwa vichwa, kisha marehemu hulazwa katikati ya migomba ya kibanja chake. Sina ugomvi na mfiwa anayejifariji hivyo. Aliyempoteza mtoto ana haki ya kushika neno lolote litakalompa usingizi. Ugomvi wangu ni na mgeni rasmi. Anashuka kwenye gari, anapewa kipaza sauti, anayarudia maneno ya mzee wetu, anaongeza la kwake kwamba ajali haina kinga, anaacha bahasha ya rambirambi, anaondoka. Alikuja akiwa na swali la kujibu. Ameondoka akiwa ameshukuriwa.

Mimi nasema ajali ina kinga. Na pale kinga hiyo inapoondolewa na mtu aliyelipwa kuilinda, kilichotokea kina jina lake katika sheria za nchi hii. Kinaitwa kuua bila kukusudia.

Tuanze na meli iliyobeba jina la mji wetu. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Rudia kusoma namba hizo. Kabla hujamgusa hata mtu mmoja wa daraja la tatu, meli ilikuwa imeshajaa na kumwagika. Na wa daraja la tatu walikuwa wangapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu hawakuwa na orodha. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, taifa likalia, na mpaka leo tunataja waliokufa kwa kukisia: huyu atasema mia nane na ushei, yule atasema elfu moja.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ni kijiji kizima. Ni akina mama waliopanda na vikapu, ni vijana waliokwenda Mwanza kutafuta riziki, ni watoto waliobebwa mgongoni. Nauli zao zilihesabiwa. Wao wenyewe hawakuhesabiwa.

Maofisa tisa wa lililokuwa Shirika la Reli Tanzania, nahodha akiwemo, walifunguliwa mashtaka ya jinai. Leo nenda stendi ya Bukoba, msimamishe mtu mzima yeyote, muulize MV Bukoba ilizama lini. Atakutajia tarehe, atakutajia na jirani aliyezama. Kisha muulize kesi iliishaje na nani aliwajibika. Atakutazama tu. Kila Mei tunawasha mishumaa, tunasoma sala, na hakuna anayesoma hukumu. Mkoa mzima umekariri msiba wake na haujui haki ilifika wapi. Hilo ni jeraha la pili, nalo halikusababishwa na maji.

Wapo watakaosema sheria zetu ni changa kwa mambo haya. Si kweli. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatumika tangu mwaka 1945. Kifungu cha 195 kinasema anayesababisha kifo cha mwenzake kwa tendo lisilo halali, au kwa kutotenda alichopaswa kutenda, ana kosa la kuua bila kukusudia. Kinafafanua hata huko kutotenda: ni uzembe wa kulaumika katika kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya, hata kama mhusika hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Kifungu cha 198 kinaweka adhabu yake, inayoweza kufikia kifungo cha maisha. Kifungu cha 210 kinamshika yeyote mwenye dhamana ya kitu ambacho, kikikosa uangalifu, kinahatarisha maisha ya watu. Asipochukua tahadhari, sheria inamhesabu kuwa ndiye aliyesababisha yote yaliyofuata. Meli ni kitu cha namna hiyo. Boti ni kitu cha namna hiyo, na basi la Biharamulo vilevile.

Na kuna kifungu cha 203, ambacho ningetaka kibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya usafiri nchini. Kinaondoa kisingizio tunachokipenda kuliko vyote, kile cha kusukumiana. Mtu huhesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama tendo lake si sababu pekee, wala si sababu ya mwisho. Hata kama lisingeua bila kuongezewa kosa la mtu mwingine, au la marehemu mwenyewe. Kwa hiyo mkaguzi hawezi kusema nahodha ndiye aliyejaza. Nahodha hawezi kusema abiria ndio waliong'ang'ania. Mwenye chombo hawezi kusema mkaguzi alipitisha. Kila mmoja anabaki na sehemu yake ya kifo mkononi.

Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu inataja waziwazi kosa la kuwasafirisha watu majini kwa malipo katika chombo kibovu au kilichopakiwa kupita kiasi. Halihitaji mtu azame kwanza. Linatosha kushtakiwa chombo kikiwa bado kinaelea, abiria wakiwa bado hai, watoto wakiwa bado wananyonya. Hapo ndipo sheria inapokuwa kinga, na hapo ndipo tunapoiacha ilale.

Twendeni Muleba, wilaya yenye visiwa: Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe. Niliwahi kusimama kwenye mwalo mmoja asubuhi wakati boti ya kwenda visiwani ikipakia. Jaketi okozi zilikuwepo. Zilikuwa sita, zimefungwa pamoja kwa kamba ya manila, chini ya turubai, na juu yake magunia ya unga na kreti za soda. Nikamuuliza kijana wa mashine zinavaliwa lini. "Hizo ni za ukaguzi, mzee," akanijibu kwa adabu kabisa. Nikauliza daftari la majina ya abiria liko wapi. Akatabasamu: "Si tunafahamiana hapa?" Nilihesabu vichwa mpaka ishirini na tatu, wengine wakaendelea kupanda. Mama mmoja alimfunga mwanawe kifuani kwa kanga, akapiga fundo mara mbili, akakaa kwenye ukingo. Kinga yote iliyokuwemo ndani ya boti ile ilikuwa fundo la mama yule.

Kijana wa mashine simchukii. Jaketi za ukaguzi maana yake yupo mkaguzi aliyekubali kuziona zimefungwa. Sheria inamwona yule kijana. Yule aliyesaini karatasi mbona haimwoni?

Tena si kwamba dola haina uwezo. Mwezi Mei 2024, hapo hapo Muleba, mtoto mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana. Nchi ilitetemeka kwa hasira. Polisi walisaka, washtakiwa tisa wakafikishwa mahakamani Bukoba. Hatia ya mtu ni kazi ya mahakama, siigusi. Ninachosema ni kwamba dola ilionyesha inajua kutafuta. Kifo kikija na panga, dola ina miguu, ina macho, ina magari. Kikija na sahihi juu ya cheti, na mhuri, na simu iliyopigwa bila kupokelewa, dola hiyo hiyo inaunda tume, inatoa pole na kushauri tahadhari.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwemo watu 43. Waliokufa ni 19, waliookoka 24. Ndege ilikuwa pale, karibu na nchi kavu, watu ufukweni wanaiona kwa macho. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alipiga mlango kwa kasia. Wananchi waliingia majini wakavuta kamba. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba waokoaji rasmi walichelewa, na walipofika hawakuwa na oksijeni ya kutosha wala mafuta ya kutosha.

Huu ni mji wa ziwa, wenye uwanja wa ndege unaogusa ziwa, na ndio mji uliopoteza watu wake wengi katika MV Bukoba miaka 26 kabla ya siku ile. Na bado mtungi wa oksijeni haukuwa umejazwa. Kijana Majaliwa alipewa shilingi milioni moja na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na zaidi. Lakini kumpongeza asiyekuwa na wajibu hakujibu swali la aliyekuwa nao. Nani alipaswa kujaza mitungi? Nani aliidhinisha bajeti ya mafuta ya boti, na nani aliikata? Sisemi aliyeshindwa ni muuaji. Nasema aulizwe, kwa kiapo, mbele ya hakimu, na familia 19 zikiwa zimekaa mstari wa mbele.

Tunaambiwa tukianza kuwashtaki watumishi, hakuna atakayekubali kazi. Hoja hii inatolewa kwa sauti ya busara, nami naikataa kabisa. Dereva wa bodaboda wa Muhutwe akimgonga mtu akafa, analala rumande usiku ule ule, wala hakuna anayehofia kwamba kesho watu watakataa kuendesha pikipiki. Hofu ya sheria inakuwa tatizo pale tu inapopanda ngazi za ofisi.

Wengine wanasema hakuna nchi inayofanya hivyo. Ipo. Meli ya Sewol ilipozama Korea Kusini tarehe 16 Aprili 2014 na kuua watu 304, nahodha alihukumiwa kifungo cha maisha, mkurugenzi wa kampuni akafungwa, na hata kamanda wa boti ya kwanza ya uokoaji akafungwa kwa uzembe wake katika kuokoa. Uingereza ilipoteza watu 193 mwaka 1987 katika meli Herald of Free Enterprise, iliyotoka bandari ya Zeebrugge milango yake ya mbele ikiwa wazi. Kampuni ilishtakiwa kwa kuua bila kukusudia na kesi ikaanguka, kwa kuwa kosa hilo halikuthibitishwa kwa kiongozi yeyote wa juu. Waingereza walichukua miaka ishirini, lakini mwaka 2007 walitunga sheria inayoishtaki kampuni yenyewe kwa vifo vinavyotokana na uongozi wake mbovu. Sisi, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018 ikiwa imebeba zaidi ya mara mbili ya abiria wake 101, tulivunja bodi ya wakala ulioiendesha. Mjumbe wa bodi iliyovunjwa anarudi nyumbani kwake. Aliyezama harudi.

Nataka mambo matatu, na yote yanawezekana mwaka huu. Kwanza, chombo chochote kisiondoke Kemondo, Bukoba wala mwalo wowote wa Muleba bila orodha ya majina, nakala yake ikibaki nchi kavu. Daftari la kurasa mia halimshindi mwenye boti. Pili, kila kifo cha pamoja kifuatwe na uchunguzi wa hakimu chini ya sheria ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980, kwa uwazi, na matokeo yasomwe hapa hapa Kagera, kwa Kiswahili, wafiwa wakisikia. Tatu, Bunge litunge kosa mahsusi la kampuni au taasisi ya umma kusababisha kifo kwa uzembe, lenye faini inayouma na amri ya kurekebisha. Wabunge wa Kagera walitakiwa kuwa wa kwanza kulipeleka. Wamezikwa watu wao wengi mno kwa wao kusubiri wa mkoa mwingine aanze.

Na wewe unayesafiri wiki hii, usipande kabla jina lako halijaandikwa. Wakikucheka, ngoja. Wakikuudhi, shuka. Mwambie aliyeshika tiketi kwamba mwaka 1996 watu wa daraja la tatu walipanda bila kuandikwa, na mpaka leo hatujui walikuwa wangapi.