Wa Bugando tuna hesabu zetu

Ndugu mwandishi, ushauri wako kuhusu ukubwa wa injini ya pikipiki (CC) unamfaa mtu wa barabara tambarare. Mwanza ni mawe na vilima. Bodaboda wa Igoma hadi Buzuruga, abiria mmoja, CC 125 inamtosha na mafuta hayamlizi. Sasa pandisha Bugando au Isamilo, abiria nyuma na kiroba cha unga kwenye tenki: unashusha gia hadi namba moja, injini inalia, klachi inaanza kunuka. Hapo ndipo CC 150 inapolipa. Si mbio, ni nguvu ya kuvuta.

Guta la miguu mitatu linalobeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, chini ya CC 200 ni kulitesa. Tena litafutwe lenye injini ya kupoozwa kwa maji, maana kwa mwendo ule wa kobe upepo hautoshi kupoza kitu. Anayejifunza kuendesha pikipiki, yeye aanze na CC 100, asione aibu.

Mwenye CC 125 asikimbilie kuuza. Fundi akimfungia sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, kilima atakipanda, ila kwenye lami ya Usagara atapitwa.