"Mzungu wenu yuko wapi?" Siku tatu Msimbati na kiwanja cha mjomba

Najua nimepotea. Mitihani imeisha, bumu lilichelewa kisha likaja, nikalala siku mbili mfululizo kama chatu aliyemeza mbuzi. Sasa libeneke linaendelea. Leo sileti umbea wa mabwenini. Leo nina hoja, na ikikukera tutakutana kwa mama wa ming'oko tubishane mpaka pilipili iishe.

Ijumaa ile ya mtihani wa mwisho tulijikusanya watano, wote wa ualimu, tukaenda Msimbati. Mimi ni mtu wa Mafinga, bahari nimeiona kwa mara ya kwanza nilipokuja huku kusoma, na huu ni mwaka wangu wa tatu Mtwara bila kukanyaga Msimbati. Aibu gani hii! Kilomita kama 45 tu kutoka mjini. Unapita Mangamba, unapita Madimba, halafu minazi na mikorosho inakusindikiza mpaka baharini. Tulikwenda kwa pikipiki tatu, watu watano na sufuria mbili. Usiniulize nani alibeba sufuria.

Mahali pa kwanza tulipobisha hodi jina nalihifadhi. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa. Akatutazama. Akatazama nyuma yetu, kule njiani. Kisha akauliza, "Mzungu wenu yuko wapi?"

Jamani, yule mzee hakutukejeli. Alidhani kweli kwamba tumetangulia kumwandalia mtu, kwa sababu katika kazi yake yote pale hajazoea kuona vijana weusi watano wanakuja kulala kwa ajili yao wenyewe. Bei ikatajwa kwa dola. Mwenzetu anayesoma hesabu akapiga kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Usiku mmoja hapa ni chakula changu cha mwezi na nusu." Tukamshukuru mzee, tukaondoka.

Tulipopata pa kulala palikuwa padogo mno. Mabanda manne ya makuti, kivuli cha miti, uwanja wa kuegesha gari na kupiga hema, basi. Lakini nawaambieni, sijalala mahali penye huduma nzuri kama pale. Na nikisema huduma nzuri sina maana ya bwawa la kuogelea wala televisheni ukutani. Choo kilikuwa safi, kina mlango unaofungwa kwa ndani na ndoo ya maji iliyojaa wakati wote (wasichana mtanielewa kwa nini naanza na mlango). Bafu ni ua wa makuti, maji ya kuogea yana chumvi kidogo, lakini ya kunywa wanayaleta kwenye madumu tofauti na wanakwambia ukweli lipi ni lipi. Sola ya kuchajia simu. Jiko la nje, unaweza kupika mwenyewe au ukamwambia mama wa pale asubuhi, jioni ukakuta wali wa nazi na samaki. Jua linazama mbele yako ndani ya maji, kitu ambacho pwani ya Tanzania bara si rahisi kukiona kwa sababu tumezoea bahari iko mashariki. Kwa sisi bei ilikuwa ya shilingi na ilizungumzika.

Palikuwa na wageni wengine wawili, mume na mke, Wajerumani wastaafu, na gari lao lenye hema juu ya paa. Ndani ya lile gari kuna friji, jiko la gesi, tangi la maji, vitabu, kila kitu. Walikuwa wametoka Zambia wakapitia Songea, Tunduru na Masasi. Nyumbani Mafinga magari ya namna hii tunayajua, maana yanapita barabara kuu ya Zambia na mengi hulala Kisolanza, shamba la zamani kabla hujafika Mafinga ukitokea Iringa. Pale wana uwanja wa kambi, maji ya moto, na wanauza mazao ya shambani kwa wapita njia. Kwa hiyo mimi nikajifanya mwenyeji wao, nikamuuliza yule mama kwa Kiingereza changu cha kuunga: mkifika mahali mnatafuta nini? Akahesabu kwa vidole. Choo kisafi, maji, kivuli, na mtu wa kusema naye. Vidole vinne. Kitanda, anasema, tunacho.

Hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa, maana kesho yake nilikutana na kiwanja cha mjomba.

Mmoja wetu watano ni mwenyeji wa huku. Mjomba wake ana kiwanja upande wa kuelekea Ruvuma, kina minazi kumi na kitu na mwembe mkubwa. Jumamosi alitupakia kwenye mashua yake tukaenda kuona mto unavyoingia baharini. Sitausahau ule mstari. Huku maji ya buluu, kule maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mikoko imesimama pembeni kimya kama watu wa msibani. Ng'ambo ni Msumbiji. Mjomba akatuonya tusitie mikono majini, mamba na viboko hawana habari kuwa tumemaliza mitihani. Wakati wa kurudi ndipo aliposema, kama anazungumzia hali ya hewa, kwamba kuna mtu kutoka mjini anataka kukinunua kile kiwanja chote, na pesa ni taslimu.

Mimi nasema asiuze. Nitaeleza kwa nini, halafu nitaeleza kwa nini sina haki sana ya kusema hivyo.

Huku kusini tumefundishwa kusubiri kitu kikubwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, watoto wa wakati ule leo wana wajukuu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani wakipinga bomba, watu wakafa, na mwaka 2015 bomba likazinduliwa na gesi ikaanza safari yake ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Sisemi gesi haina faida kwa nchi. Nasema kitu kikubwa kina tabia ya kupita juu ya kichwa chako. Na hata kabla ya gesi walikuwepo watu waliokuja Msimbati wakaiona kama ya kwao. Kuna Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, alijenga nyumba huku na mwaka 1959 akatangaza kuwa Msimbati ni nchi huru, yeye ndiye mkubwa wake! Baada ya uhuru serikali ikamwondoa. Nilipomsimulia mjomba alicheka mpaka akaacha usukani. Kisha akasema, "Huyu wa sasa hatangazi. Ananunua."

Tukiambiwa utalii, tunaona hoteli ya ghorofa. Kumbe kambi ndogo ndiyo biashara ambayo mahali kama hapa panaikubali. Angalia, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Eneo lote hili lipo ndani ya hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650. Mwenye hoteli atapambana na mita 60. Mwenye kambi anasogeza mabanda yake matatu nyuma chini ya mwembe, anaacha mchanga ulivyo, gari linakuja na kitanda chake na linaondoka nacho. Choo, maji, kivuli. Mjomba kivuli anacho tayari, Mungu alishamjengea.

Mtu atasema wageni wenyewe wako wapi? Swali zuri. Zamani waliosafiri kwa magari kutoka kusini walikuwa wanavuka Ruvuma kwa pantoni ya Kilambo, wakisubiri maji yajae, na tangu mwaka 2010 lipo Daraja la Umoja kule Mtambaswala. Lakini vita ya Cabo Delgado ilipoanza mwaka 2017, kisha Kitaya ikashambuliwa huku kwetu mwaka 2020, na Palma mwaka 2021, serikali kadhaa za nje ziliwaonya raia wao kuhusu ukanda wa mpaka. Wale Wajerumani wenyewe walituambia watoto wao wanawapigia simu kila jioni. Kwa hiyo ukijenga kwa kumtegemea mzungu, utakaa umekunja mikono.

Jibu langu ni kwamba wageni ni sisi. Walimu wa mkoa huu mzima, wauguzi, wafanyakazi wa benki, watu waliouza korosho na hawajui pesa waipeleke wapi zaidi ya baa, wanachuo wa mwaka wa tatu ambao hawajawahi kufika! Kila Pasaka na Idi watu wanafurika ufukweni, wanajivunia mchanga mgumu ambao gari linapita bila kuzama, halafu jioni wote wanarudi mjini kwa sababu hakuna pa kulala pa bei yao. Na choo hakuna, tuseme tu ukweli, kwa hiyo mnajua kinachotokea vichakani. Mtanzania hapendi kutalii? Mtanzania anapenda sana, ila hajakaribishwa. Anaulizwa mzungu wake yuko wapi.

Na kazi yenyewe inafundishika. Mikindani hapo, lile boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, shirika la Trade Aid la Uingereza lilianza kulikarabati miaka ya 1990 likawa hoteli na mahali pa kufundishia vijana wa huku kazi za hoteli. Kutandika kitanda, kupika, kuandika hesabu, kumpokea mtu. Si sayansi ya roketi hiyo, tena sisi watu wa pwani na bara karibu mgeni tumelishwa tangu utoto.

Sasa upande wa pili. Jumamosi usiku, moto umebaki makaa, mimi nikiwa nimechangamka namwelezea rafiki yangu mpango huu wote, mita 60, mabanda matatu, mwembe. Yeye kimya. Alipomaliza kuniacha niongee akasema, "Unajua anauza kwa nini?" Nikasema hapana. "Ada yangu. Mkopo wangu haukufika hata nusu. Kwa Wamakonde mjomba ndiye baba. Sasa wewe unatetea kiwanja kwa ada ya nani?"

Wadau, nilitamani mchanga unimeze. Mimi nasoma kwa mkopo kamili. Nimekwenda pale siku tatu, nimekula samaki, nimepata hoja ya kuandika. Yeye akikosa malipo ya muhula ujao haingii kwenye chumba cha mtihani, na miaka miwili yote imekwenda na maji.

Hata hivyo sijabadilisha mawazo, nimeyapunguza mabega tu. Nilimwuliza kama mjomba amefikiria kukodisha nusu kwa miaka michache badala ya kuuza chote, na kama chuo kitakubali alipe kwa awamu, jambo ambalo wengine darasani kwetu wamekubaliwa. Pia hiyo ni ardhi ya kijiji, mnunuzi wa mjini hawezi kumalizana na mjomba chini ya mwembe peke yao, halmashauri ya kijiji ina kauli. Mwenzetu wa hesabu akatoa daftari. Tukakaa mpaka saa saba usiku tukipiga gharama za shimo la choo, mabati mawili, matofali, madumu ya maji, makuti ya kuezekea. Ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani, ingawa bado ni kubwa kuliko mfuko wa yeyote kati yetu. Tukitoa elfu ishirini ishirini kwenye bumu lijalo tunapata shimo na mlango. Mlango unaofungwa kwa ndani, nilisisitiza.

Jumapili kabla hatujaondoka tulimsomea mjomba zile hesabu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza ndoo tumeziweka wapi (tulikuwa tumezisahau), akasema atatoa jibu korosho zikishauzwa. Yule mnunuzi naye amempa muda huo huo.

Rafiki yangu nimemsomea haya yote kabla sijayaweka hapa, kwa sababu ni maisha yake. Amekubali, ila anataka niseme kwamba kule kwenye choo kisafi nilichokisifu palikuwa na mjusi, na mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka Wajerumani wakatoka na tochi.